Kichwa cha Risasi



Juma lililopita nilivuka mpaka kutoka hapa Isebania kwenda Tarime, Tanzania, kumjulia hali mjomba wangu. Ni mzee sasa, anatembea kwa mkongojo. Ujana wake wote uliishia porini, kwenye vitalu vya uwindaji vya Tanzania. Alikuwa mfuata nyayo, akiwatangulia wageni waliokuja na leseni zao kutafuta nyati. Tulipomaliza chai akaingia ndani, akatoka na kopo kuukuu la kahawa, akalipindua juu ya meza. Vikadondoka vichwa vya risasi zilizokwisha kupigwa, kama kumi na viwili hivi. Wachunaji walivitoa ndani ya nyama miaka hiyo, yeye akawa anaviweka.

Jirani yake hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na mizani yake ndogo husoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Tukaiazima. Kichwa cha kwanza tulichokiweka kilikuwa kimefumuka mbele kama uyoga. Shaba ya nje imejikunja kwa nyuma kama ganda la ndizi, na risasi nyeusi ya ndani bado imeshika. Mizani ikasoma gramu 17.9. Kabla ya kupigwa kilikuwa na gramu 19.4. Kilipasua ngozi ya nyati, kikavunja ubavu, kikapita kwenye mapafu, kikaenda kusimama chini ya ngozi ya upande wa pili, na hakikupoteza hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake.

Cha pili hakikuwa kichwa tena. Kilikuwa kipande cha shaba kilichochanika, kitupu ndani, gramu 6 na ushei. Mjomba akakigusa kwa kidole, akasema, "Hiki ndicho kilichonipa mkongojo huu."

Nyati yule alipigwa begani na mgeni aliyekuja na risasi za kulengea swala. Kichwa kilifika kwenye mfupa wa bega kikasambaratika palepale. Mnyama akaingia kichakani akiwa mzima, ana maumivu na ana hasira. Mgeni alisubiri garini. Aliyetakiwa kuingia kichakani kufuata damu ni mjomba.

Kwa hiyo leo, ndugu zangu, nazungumzia vichwa vya risasi. Najua kuna atakayeshangaa. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mimi naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote. Wa Homa Bay wanajua kwa nini: korongo, yule swala mkubwa mwenye uso mweusi na mweupe, katika Kenya nzima amebaki kwenye hifadhi ya Ruma tu, bonde la Lambwe, na idadi yake inatia huruma. Lakini hatua chache kutoka hapa nilipoketi, ng'ambo ya geti la mpaka, uwindaji ni shughuli halali yenye leseni, vitalu na ada. Vijana wa pande zetu, wenye ndugu kule, wanafanya kazi humo: wanafuata nyayo, wanachuna, wanabeba. Kichwa cha risasi kinachochaguliwa na mtu mwingine, nchi nyingine, mezani kwake, ndicho kinachoamua kijana huyo atarudije nyumbani.

Tuanze na kitu chenyewe. Risasi kamili ina sehemu nne. Kuna ganda la shaba nyeupe, ambalo hubaki. Kuna fataki kwenye kitako chake, ile inayogongwa ikatoa cheche. Kuna baruti ndani. Na juu kuna kichwa. Bunduki inapolia, vitu vitatu kati ya hivyo hubaki kwa mpigaji au huishia kuwa moshi. Kinachofika kwa mnyama ni kichwa peke yake. Watu husifu bunduki, hulipa pesa nyingi kwa kitako cha mti wa jozi na darubini ya Kijerumani, na mnyama hajui lolote kati ya hayo. Yeye hukutana na kichwa.

Wawindaji wengi wa Ulaya, Marekani na Afrika Kusini hujaza risasi zao wenyewe. Huchukua maganda yaliyokwisha kulipuka, huyasafisha, huyarudishia umbo kwa mashine ya mkono, huweka fataki mpya, hupima baruti kwa mizani, kisha hupachika kichwa walichokichagua. Hapa kwetu kazi hiyo si ya kufanyia uani. Sheria za silaha za Kenya na za Tanzania zinabana vikali utengenezaji wa risasi, na zinafaa kubana. Lakini baadhi ya risasi zinazoingia vitalu vya Tanzania zimejazwa hivyo, mezani pa mtu, na swali la kwanza la mjazaji ndilo hilohilo: kichwa gani?

Kwa asili kuna namna mbili. Kuna kichwa kigumu, kilichofunikwa kote, kisichobadilika umbo, kazi yake kutoboa na kwenda mbali. Na kuna kichwa laini, chenye ncha iliyoachwa wazi, kinachofumuka kikigusa nyama ili kidonda kiwe kipana na mnyama aanguke upesi. Mkosaji hachukui kibaya kati ya hivi viwili. Huchukua kizuri na kukipeleka kwa mnyama asiye wake.

Tembo, kwa mfano. Fuvu lake ni nene, na ndani ya mfupa kuna vyumba vyumba kama sega la nyuki. Ubongo umekaa mbali nyuma. Kichwa laini kikiingia humo hufumuka kabla ya kufika, na tembo huondoka na jeraha. Aliyelijua hili kuliko wengi ni Mskoti mmoja, Walter Bell, aliyewinda Karamoja mwanzoni mwa karne iliyopita hata akabandikwa jina la nchi ile. Bell aliua tembo zaidi ya 1,000, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya kaliba ya milimita 7, ambayo wenzake waliiona ya kuwindia swala. Kichwa chake kilikuwa na gramu 11 tu. Lakini kilikuwa kigumu, kirefu, chembamba, chenye ncha ya mviringo, na kilinyooka bila kuyumba. Na Bell hakukitegemea kichwa peke yake: alikata fuvu la tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi hasa. Simsifu kwa mauaji hayo. Tembo 1,000 kwa mkono wa mtu mmoja ni msiba. Nasema tu kwamba alielewa jambo ambalo mgeni wa mjomba hakulielewa, tena gramu 11 zilizochaguliwa kwa akili zilifanya kazi kuliko vichwa vizito mara tatu vilivyochaguliwa kwa majivuno.

Nyati ni hesabu nyingine. Anatembea kundini. Kichwa kigumu kinaweza kumpita wa kwanza kikamjeruhi aliyesimama nyuma yake, na huyo wa nyuma hana leseni iliyomtaja. Ndiyo maana wawindaji bingwa wengi walizoea kuanza na kichwa laini, kilichoundwa kwa uimara, kisha vinavyofuata viwe vigumu, kwa sababu nyati aliyekwisha kupigwa huwa anakimbia akimwonyesha mpigaji kisogo na matako, na hapo kinatakiwa kichwa kinachoweza kusafiri urefu mzima wa mwili. Kanuni za Tanzania huweka kaliba ya inchi .375 kuwa ndogo kabisa inayoruhusiwa kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Ni kanuni nzuri. Ila kanuni hupima kipenyo cha mtutu, na mgeni wa mjomba alikuwa na .375 halali kabisa mkononi. Kilichokosewa hakipimwi kwa kipenyo.

Sasa sikilizeni habari ya mtu mwingine, maana inafanana na ya mjomba. Mwaka 1946, msituni British Columbia, Kanada, Mmarekani John Nosler alikuwa akiwinda moose, mnyama wa jamii ya kulungu lakini mkubwa kuliko ng'ombe wetu. Alikuwa na bunduki yenye kasi sana, .300 ya Holland & Holland. Mnyama alikuwa amegaagaa topeni na tope limemkaukia mwilini. Nosler akapiga, akapiga tena; vichwa vikawa vinapasuka juu juu, kwenye tope, ngozi na bega, bila kuingia ndani. Shida haikuwa udhaifu wa bunduki. Shida ilikuwa kasi: kichwa kilichoundwa kwa mwendo wa polepole, kikirushwa kwa mwendo mkali, huvunjika kama chungu. Nosler alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati, vyumba viwili, risasi laini mbele na risasi nyingine nyuma. Cha mbele kikifumuka, cha nyuma kimelindwa na ukuta, kinaendelea na safari. Mwaka 1948 akaanzisha kampuni ya kuvitengeneza, na vichwa vya namna hiyo vinauzwa mpaka leo.

Nilipomsimulia mjomba habari hiyo alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na aliyemfuata yule mnyama ni nani?" Sikuwa na jibu.

Baruti nayo ina yake. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilitoa risasi mpya, .458, kwa ajili ya wanyama wakubwa wa Afrika. Ilikuwa bei nafuu kuliko bunduki za Kiingereza zenye mitutu miwili, ikaenea Kenya na Tanganyika upesi, kwa wawindaji na kwa askari wa wanyamapori waliotumwa kuzuia tembo wasile mashamba. Kichwa kilikuwa kizito, gramu 32, kigumu, kizuri. Lakini ganda lilikuwa fupi. Ili kufikia kasi iliyoahidiwa, baruti ilishindiliwa kwa nguvu mno chini ya kile kichwa, na ikikaa muda mrefu ilishikana ikawa bonge, ikawa haiungui yote. Risasi ikalia vizuri, kichwa kikatoka kivivu. Mmarekani Jack Lott aliumizwa vibaya na nyati Msumbiji mwaka 1959, na miaka kumi na miwili baadaye akatoa ganda lake refu zaidi, kichwa kilekile kikiwa na nafasi ya baruti ya kutosha. Kwa hiyo mjazaji anapochagua kichwa, anachagua pia nafasi itakayobaki ndani ya ganda. Kichwa kirefu hukaa ndani zaidi na kuila nafasi ya baruti. Hilo halionekani kwa macho dukani.

Wazee wetu wa upinde walilijua jambo hili kwa njia yao. Wata wa nyika za Tsavo, waliowaangusha tembo kwa mishale ya sumu, hawakuacha sumu ikae wazi juani. Walizungushia ncha ya mshale ngozi laini, sumu ibaki mbichi, na waliifungua karibu na kupiga. Mshale wenye sumu dhaifu hauui, hujeruhi.

Nimefika kwenye jambo ambalo limeninyima usingizi zaidi tangu siku ile ya kopo.

Lugha yetu ina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni kile kinachotoka mtutuni, na risasi ni madini yenyewe, yale mazito, laini, ya kijivu. Sasa rudini kwenye mizani. Kichwa cha pili kilikuwa na gramu 19.4, kimebaki gramu 6. Gramu 13 zilikwenda wapi? Zilisambaa kwenye nyama. Vipande vingine huonekana, mchunaji hukata pale palipovilia damu akatupa. Vingine ni vumbi, havionekani kwa jicho wala havisikiki jinoni. Na nyama ya nyati aliyepigwa na mtalii haiendi Ulaya. Mtalii huchukua pembe na ngozi. Nyama huliwa na kambi na vijiji vya jirani, na siku hizi Tanzania imeruhusu bucha za nyamapori, zilizoanza kusajiliwa chini ya kanuni za mwaka 2020. Ni jambo jema, mwananchi kula kwa halali kile alichozoea kukila kwa kujificha. Lakini basi anayekula ajue anakula nini.

Wakenya hatuhitaji kuhubiriwa habari za madini ya risasi. Tuliona Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia watoto sumu hiyo ya risasi mwilini, na mwaka 2020 mahakama ikaamua wakaaji walipwe shilingi bilioni 1.3. Madaktari wanasema wazi kwamba kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi damuni kinachojulikana kuwa salama. Na sisi wa Migori, tunaoona vijana wakichanganya zebaki na mchanga wa dhahabu kwa mikono mitupu, tunajua madini hayana haraka. Hukaa mwilini yakangoja.

Ndege nao wamo. Matumbo na vichwa vya wanyama huachwa porini, na tai hushuka. Watafiti waliopima damu ya mamia ya tai wa Botswana walikuta zaidi ya robo yao wana risasi nyingi kupita kiasi, na kiwango kilikuwa juu majira ya uwindaji na kwenye maeneo ya uwindaji. Tai wa Mara na Serengeti ni walewale wanaoruka juu ya Isebania, mpaka hawaujui. Adui yao mkubwa kwetu bado ni sumu ya wadudu inayopakwa kwenye mizoga ili kuua simba, hilo tusilifiche. Lakini ndege anayekabiliwa na sumu moja hahitaji kuongezewa ya pili.

Dawa ipo, na ni ya kuchagua tu. Tangu miaka ya 1980 vimekuwako vichwa vya shaba tupu, bila tone la risasi ndani, vyenye tundu kwenye ncha. Vikigusa nyama, ncha hufunguka kama ua lenye petali nne, na kwa kawaida uzito wote hubaki mahali pamoja. Jimbo la California lilifanya vichwa visivyo na risasi kuwa lazima kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, hasa kwa ajili ya ndege wao mkubwa, kondori, ambaye nusura atoweke. Shaba ni nyepesi kuliko risasi. Kipande cha ujazo uleule ambacho kwa risasi kingekuwa gramu 11, kwa shaba ni kama gramu 9. Kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule lazima kiwe kirefu zaidi, na kirefu kinadai mtutu ambao mifereji yake inakizungusha upesi zaidi, la sivyo kitayumba hewani. Tena kinaila nafasi ya baruti, kama nilivyosema. Ndiyo maana wengi huchukua cha shaba chenye uzito mdogo kidogo kuliko walichozoea, na kwa kuwa hakivunjiki, kinafika palepale au mbali zaidi. Bei yake ni kubwa. Lakini mtu aliyelipa maelfu ya dola kumpiga nyati mmoja, tena kwa risasi mbili au tatu, asiniambie habari ya bei.

Ningependa kuona Tanzania ikiandika hilo kwenye kanuni zake, pale pale inapotaja .375: kichwa kisicho na risasi kwa kila mnyama ambaye nyama yake italiwa. Na ningependa wenye kampuni za uwindaji wamkague mgeni siku ya kwanza, wakague kichwa na si bunduki pekee, kabla hajapanda gari.

Mjomba alikuwa na njia yake. Baada ya kupona, alirudi kazini misimu mingine minne, kwa mguu ule ule. Kila asubuhi kabla ya kutoka kambini alimwomba mgeni risasi moja tu aitazame. Aliishika kwenye mwanga, akaangalia ncha, akaipima uzito kiganjani, akamrudishia. Wengi walidhani ni desturi ya kwetu, wakampa wakitabasamu. Siku akiona ncha ya swala na safari ni ya nyati, alirudisha risasi kwa mikono miwili, kwa adabu, akaenda akaketi chini ya mti na kulaza mkuki wake kando. Bosi alikuja, mgeni alikuja, mkalimani alikuja. Alijibu kwamba anasubiri.

Aliniambia hakuna siku waliyokosa kuzibadilisha.